Kabla ya Muhuri, Fungueni Mdomo

Kwa Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo,
Kabete.

Nakala kwa: Idara ya Kaunti ya Nairobi inayosimamia mifugo na machinjio, wakaguzi wa nyama, wafanyabiashara wa Soko la Burma.

MINTARAFU: HABARI ZA MAGONJWA YA MIFUGO ZINAZOPOTELEA NAIROBI

Daktari,

Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe linawagusa watu ambao hawatafika ofisini kwako: mchinjaji wa Kiamaiko, mama anayeosha matumbo Burma, na mfugaji wa Marsabit ambaye mbuzi wake wanaweza kuliwa Nairobi kabla yeye hajajua zizi lake lina ugonjwa gani.

Ombi langu kuu ni moja. Kila mbuzi, kondoo na ng'ombe anayechinjwa kulisha jiji hili atazamwe fizi, ulimi na utumbo kwa nia ya kutafuta magonjwa ya virusi. Kinachoonekana kiandikwe pamoja na mahali alikotoka mnyama, na habari hiyo irudi huko ndani ya saa 24. Mengine yote katika barua hii ni sababu za ombi hilo na njia za kulitimiza.

Nitangulize neno kwa walaji wenzangu, maana ugonjwa na nyama vikitajwa kwa pumzi moja, kesho yake biashara ya watu inaanguka. Ugonjwa wa miguu na midomo haumpati mtu kwa kula nyama. Sotoka ya mbuzi na kondoo, ambayo madaktari wanaiita PPR, haimpati binadamu kabisa. Nyama iliyokaguliwa na kupigwa muhuri kuleni bila wasiwasi. Yapo magonjwa ya kumtisha mlaji, kama kimeta na homa ya Bonde la Ufa, na ndiyo maana nyama isiyo na muhuri haifai kuguswa hata ikiuzwa nusu bei. Lakini hayo si ya leo. Magonjwa ninayoyaleta mbele yako hayamuui mlaji, yanamfilisi mfugaji.

Kwa asiyelijua, Soko la Burma liko kando ya Barabara ya Jogoo, upande wa Shauri Moyo, ng'ambo kidogo tu ya Kaloleni. Hapo ndipo wenye bucha na wenye hoteli wa Makongeni, Maringo, Jericho na Bahati huenda asubuhi na mapema kununua mizoga, mbavu, maini, vichwa, kwato na matumbo. Hakitupwi kitu. Kichwa na miguu huishia kwenye sufuria ya supu, utumbo huwa mutura wa jioni, na ulimi una wateja wake wanaouulizia kwa jina. Nyama yenyewe hutoka machinjio kama ya Dagoretti na Njiru, na mbuzi wengi wanaoliwa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa jiji, hupitia Kiamaiko, kule Huruma. Nyuma ya machinjio hayo kuna malori, na nyuma ya malori kuna minada ya Isiolo, Marsabit, Moyale, Garissa, Kajiado na Narok. Hakuna daktari wa mifugo anayeweza kuitembelea minada hiyo yote kwa siku moja. Lakini mifugo ya huko huja Nairobi yenyewe, usiku kucha, bila kuitwa.

Huja na midomo yao.

Unajua kuliko mimi ng'ombe mwenye ugonjwa wa miguu na midomo anavyokuwa, ila wasomaji wengine wa barua hii huenda hawajui. Homa huanza, kisha malengelenge hutoka kwenye ulimi, fizi, midomo, katikati ya kwato na kwenye chuchu. Hupasuka upesi, ngozi ya ulimi ikabanduka, udenda ukamtiririka, mnyama akachechemea na kukataa majani. Wako wafugaji wanaomsugua mdomo kwa magadi na kusubiri. Wakubwa wengi hupona. Ndama wengi hufa, kwa sababu kirusi hushambulia moyo wao. Aliyepona huenda asirudie maziwa yake ya awali, na kirusi chenyewe kinaweza kujificha kooni mwake kwa muda wa hadi miaka 3. Mchinjaji naye huona kitu ambacho mwenye ng'ombe hawezi kukiona: vidonda hivyo huweza kufika hadi ndani ya tumbo la kwanza, kwenye zile nguzo za nyama zinazoligawa vyumba.

Vidonda hivi vina tarehe, na hapo ndipo thamani yake ilipo. Siku ya kwanza na ya pili lengelenge ama ni zima ama limepasuka sasa hivi, kingo zake kali, nyama ya chini nyekundu. Siku ya 3 kingo hufifia na utando huanza kuingia. Siku ya 4 ngozi mpya inaota pembeni. Kufikia siku ya 7 limebaki kovu. Ukijumlisha siku ambazo kirusi hukaa mwilini kabla ya dalili kutokea, kati ya 2 na 14, daktari mwenye uzoefu anaweza kurudi nyuma kwa kalenda na kupunguza sehemu za kushuku: zizini, mnadani, au mahali lori liliposimama njiani. Ulimi uliotazamwa unaweza kueleza safari yote. Ulimi uliokwisha kuchemshwa kwa chumvi na vitunguu haumwelezi mtu lolote.

Sotoka ya mbuzi na kondoo ni kali zaidi. Iligunduliwa Côte d'Ivoire mwaka wa 1942, na ilithibitishwa kwetu Turkana mwaka wa 2006. Mwaka uliofuata ilikuwa Karamoja, Uganda, na 2008 ikathibitishwa kaskazini mwa Tanzania. Macho na pua ya mbuzi hutoa usaha, fizi huoza na kufunikwa na utando unaofanana na pumba, pumzi hunuka, kisha huja kuhara na kichomi, na wenye mimba huziharibu. Katika kundi lisilochanjwa wengi hawaponi. Mzoga ukipasuliwa, ndani ya utumbo mpana karibu na njia ya haja huonekana michirizi ya damu iliyokaa sambamba, ambayo wataalamu huiita milia ya pundamilia. Michirizi hiyo peke yake si ushahidi, kwa kuwa kuhara kwa sababu nyingine kunaweza kuileta. Ikionekana pamoja na fizi zilizooza, lakini, huo ni wito wa kuchukua sampuli.

Sasa, Daktari, ni nani anayeutazama utumbo wa mbuzi kwa karibu kuliko watu wote Kenya nzima? Si mimi, na kwa heshima zote si wewe. Ni yule mama anayeukunjua, kuugeuza ndani nje na kuuosha kwa maji ya mtungi, mmoja baada ya mwingine, mpaka jua linapanda. Pengine ana miaka mingi kazini kuliko mkaguzi anayepita. Anajua utumbo mzima ulivyo na anajua usio mzima. Hajawahi kuombwa aseme.

Simlaumu mkaguzi wa nyama. Sheria ya Udhibiti wa Nyama, Sura ya 356, inamtaka ahakikishe nyama inafaa kuliwa, na muhuri wake unajibu swali hilo. Kila siku kisu chake hupasua misuli ya taya ya ng'ombe kutafuta viluwiluwi vya tegu, na mkono wake hupapasa ulimi. Tayari yuko mdomoni! Ninachoomba hakihitaji chumba kipya wala mashine. Kinahitaji ageuze macho yake kidogo kutoka kwenye msuli hadi kwenye fizi, na awe na mahali pa kuandika alichokiona hata pale nyama inapofaa kuliwa. Maana huo ndio mwanya wenyewe. Kidonda cha ulimi kilichoanza kupona hakimfanyi ng'ombe akataliwe. Sehemu mbaya hukatwa, nyama hupita, muhuri hugongwa, na habari iliyokuwa katika kidonda kile huenda na maji ya kuoshea sakafu.

Kwa mbuzi ni vigumu zaidi. Kibali cha kusafirisha mifugo chini ya Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, hutaja shehena imetoka wapi. Lakini mbuzi wa malori matatu wakichanganywa katika boma moja, kibali kinabaki mkononi mwa dalali na mbuzi anabaki hana kwao. Usipojua mbuzi mwenye fizi mbovu ametoka mnada gani, umeona ugonjwa na hujaona pa kwenda.

Nakukumbusha, ingawa hulazimiki kukumbushwa, kwamba nchi hii imewahi kufanya kazi hii vizuri kuliko nyingi duniani. Sotoka ya ng'ombe iliingia Afrika kupitia Massawa mwishoni mwa miaka ya 1880, na mapema miaka ya 1890 ilikuwa imefagia mazizi ya Wamaasai na majirani zao. Inakadiriwa kwamba katika sehemu nyingi ng'ombe 9 kati ya 10 walikufa, na njaa na ndui vikafuata nyuma. Dawa ya kudumu ilitoka hapa kwetu. Kirusi kilichotengenezewa chanjo kiliitwa Kabete O, kwa jina la Kabete hiyo hiyo unakopokelea barua hii, na mtafiti Walter Plowright na wenzake walikidhoofisha katika maabara ya Muguga kwa kukipitisha mara nyingi katika chembe za figo za ndama, mpaka kikawa kinakinga bila kuua. Kazi hiyo ilimpatia Plowright Tuzo ya Chakula Duniani mwaka wa 1999.

Lakini chanjo peke yake haikumaliza sotoka. Kufikia miaka ya 1990 kirusi kilichobaki upande wa mpaka wa Kenya na Somalia kilikuwa kimepoa. Ng'ombe walikiugua kidogo tu, homa na vidonda vichache vya mdomo, na mtu asiyetafuta hakukiona. Kikiingia kwa wanyama wa porini, kiliua. Tsavo nyati na tandala walianguka kuanzia 1994, na mwaka wa 1996 kikafika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, mlangoni pa jiji. Wakati huo madaktari waliacha kungoja ripoti za ofisini. Waliketi na wafugaji, wakawauliza wanyama wao wameugua nini, lini na wapi, na wakayachukua majibu yao kuwa ushahidi wa kufuatiliwa. Pia walibadilisha swali. Mtu hakuhitaji tena kuthibitisha sotoka ndipo aripoti. Mnyama mwenye vidonda vya mdomo na kuhara alitosha kuandikwa, kisha maabara ikaamua. Mara ya mwisho kirusi hicho kuonekana popote duniani ilikuwa 2001, katika nyati wa Mbuga ya Taifa ya Meru. Mwaka wa 2011 ulimwengu ukatangazwa huru. Baada ya ndui, huo ni ugonjwa wa pili tu ambao binadamu ameufuta.

Mwaka huo huo wa 2001 Uingereza ilipata somo lake. Tarehe 19 Februari daktari aliyekuwa akikagua nguruwe katika machinjio ya Essex aliona malengelenge, na kesho yake maabara ikathibitisha ugonjwa wa miguu na midomo. Hakuna mfugaji aliyekuwa ametoa taarifa. Machinjio ndiyo yaliyosema kwanza. Wakafuatilia nyuma mpaka shamba la nguruwe la Heddon-on-the-Wall, kaskazini ya mbali, ambako inaaminika wanyama walilishwa makombo yasiyochemshwa. Tarehe 23 usafirishaji wa mifugo ukapigwa marufuku nchi nzima, lakini kondoo walikuwa wamekwisha kupita minadani na kutawanyika. Zaidi ya wanyama milioni 6 walichinjwa. Naleta mfano huu kwa sababu mbili. Kwanza, jicho la machinjioni lilitangulia jicho la shambani. Pili, hata jicho hilo lilichelewa kwa siku chache, na siku hizo chache ndizo zilizogharimu.

Tusidhani pia kwamba mnyama akiingia jijini mwisho wake ni kisu. Mwaka wa 2009 sotoka ya mbuzi na kondoo ilijitokeza Tandahimba, kusini kabisa mwa Tanzania, mbali sana na Loliondo ya kaskazini ilikoanzia, na walioichunguza waliifuata hadi kwenye mbuzi walionunuliwa mnada wa Pugu, Dar es Salaam. Soko la jiji lilikuwa njia panda. Hapa Nairobi nako mbuzi hununuliwa kwa mahari, kwa Krismasi, kwa Idd, na kwa chama cha akina mama kinachogawiana mbuzi wa kufuga. Naye aliyenunuliwa leo hapa, kesho yumo zizini Murang'a au Machakos. Isitoshe, Eastlands yenyewe ina mifugo. Mbuzi na nguruwe wa Dandora hula wanachokipata jalalani, na wako watu wanaofuga uani na kulisha masalio ya hoteli. Kirusi cha miguu na midomo hufa katika msuli nyama inapoingia ukali wa asidi baada ya kuchinjwa, ila katika uboho na tezi huweza kubaki. Mfupa wa supu ukitupiwa nguruwe mbichi unaweza kuanzisha balaa ambalo nyama yenyewe haiwezi kulianzisha.

Nafika kwenye sehemu ngumu, nayo ni kimya. Mfugaji akiona udenda, anajua akisema kitakachofuata ni karantini: mnada unafungwa, watoto hawaendi shule, na hasara ya kukosa soko hailipwi na mtu. Dalali akiona, anajua lori lisipoondoka leo haliondoki mwezi huu. Kwa hiyo mnyama mgonjwa hukimbizwa kwenye kisu, na kisu kiko Nairobi. Ukitaka kujua kwa nini machinjio yetu huenda yakajua habari kabla ya ofisi ya kaunti alikotoka mnyama, sababu ni hiyo. Watu hawafichi kwa uovu. Wanaficha kwa sababu kusema kunagharimu na kunyamaza ni bure.

Kimya hicho kina ndugu yake, uvumi. Mwishoni mwa 2024 serikali ilipotangaza kampeni ya kuchanja ng'ombe milioni 22 na mbuzi na kondoo milioni 50, ianze Januari 2025, dhidi ya magonjwa haya haya mawili, maneno yalienea kwamba chanjo imeletwa na matajiri wa ng'ambo ili kupunguza gesi inayotoka matumboni mwa ng'ombe. Wataalamu walijibu kwamba chanjo inatengenezwa hapa nchini na taasisi ya KEVEVAPI. Jibu lilikuwa la kweli, ila lilikuwa jibu la Nairobi kwa swali la zizini. Fikiria lingekuwa hivi: afisa wa mifugo anasimama mnadani na kusema, mbuzi wa soko hili waliochinjwa wiki iliyopita, kadhaa walikutwa na fizi zilizooza; hizi hapa picha, hili hapa jibu la maabara; ndiyo maana tunachanja kata hii kwanza. Mfugaji anaweza kubishana na serikali. Habari za mbuzi wake mwenyewe atazisikiliza.

Kampeni yenyewe pia inazihitaji habari hizi. Chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo humkinga mnyama kwa angalau miaka 3. Ya miguu na midomo hudumu miezi michache tu, ni lazima irudiwe, na haifanyi kazi isipolingana na aina ya kirusi kinachotembea. Kuna aina 7 duniani, na zinazotusumbua hasa ni O, A, SAT 1 na SAT 2. Aina ya C mara ya mwisho ilionekana mwaka wa 2004, hapa Kenya na Brazil, na tunalijua hilo kwa sababu watu walichukua sampuli. Maabara ya ugonjwa huo na kiwanda cha chanjo yake viko Embakasi, upande huu huu wa jiji. Kipande cha ngozi ya ulimi chenye uzito wa gramu moja, kikitiwa katika chupa yenye dawa ya kuhifadhi na chupa ikawekwa kwenye barafu, kinaweza kutoka machinjio ya Njiru na kufika Embakasi kabla supu haijaiva.

Kwa hayo yote, Daktari, naomba mambo matano.

La kwanza, agiza ukaguzi wa fizi, ulimi na utumbo uandikwe katika machinjio yote yanayolisha Nairobi, kwa fomu ya mstari mmoja. Mkaguzi asidaiwe jina la ugonjwa. Aandike vidonda vya mdomo, kuhara, au vyote viwili. Siku ambayo hakuna kitu, aandike hakuna. Neno hilo lina thamani. Ulimwengu umejipa hadi 2030 kuifuta sotoka ya mbuzi na kondoo, na nchi haiwezi kuthibitisha kwamba ugonjwa umekwisha ikiwa haina daftari la siku ilizotafuta na kukosa.

La pili, Chuo cha Nyama cha Athi River kiwaite wakaguzi kwa mafunzo mafupi ya kusoma umri wa kidonda, na kila machinjio yawekewe vifaa vya sampuli. Mkaguzi anayeona lengelenge na hana chupa hatutofautiani naye sana sisi wateja.

La tatu, shehena ya mbuzi isichanganywe kabla haijawekewa alama. Rangi moja mgongoni kwa kila lori yatosha kuanzia. Nakala ya kibali ibaki machinjioni, na taarifa ya kidonda ipelekwe kwa daktari wa mifugo wa kaunti ya asili ndani ya saa 24 kwa KABS, ule mfumo wa simu ambao maafisa wenu tayari wanautumia. Katiba, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti udhibiti wa magonjwa ya mifugo na huduma za matibabu ya mifugo. Ni sawa. Ila kirusi hakisimami mpakani pa kaunti, na anayeweza kuwaunganisha magavana wawili wasiofahamiana ni wewe.

La nne, anayesema asiadhibiwe. Taarifa ya kwanza kutoka machinjioni isiwe sababu ya kufunga mnada wote papo hapo. Ianze na ziara, chanjo ya kuzunguka eneo hilo, na kizuizi kwa zizi linalohusika. Mchinjaji asizuiliwe nyama inayofaa kuliwa kwa kuwa yeye mwenyewe ameonyesha kidonda. Wafanyabiashara wakijua kwamba kusema hakuwapotezei siku ya soko, mtapata wasaidizi wengi kuliko bajeti yenu inavyoweza kuajiri.

La tano, waleteni Burma na Kiamaiko ndani ya kazi hii. Picha kubwa za fizi, ulimi na utumbo, zenye maelezo ya Kiswahili, zibandikwe pale matumbo yanapooshwa. Waosha matumbo, wachuna ngozi na wabeba nyama wafundishwe nusu siku, na walipwe nusu siku hiyo, maana kwao saa ni unga. Pamoja na hilo, kaunti ihakikishe mifupa na taka za soko haziendi kwa nguruwe zikiwa mbichi.

Nanyi ndugu zangu wa Burma, mnaosoma nakala hii. Najua mtakaloniuliza: kwa nini nikaseme, ili nifungiwe meza? Mna haki ya kuuliza, na ndiyo maana ombi la nne limo. Lakini hesabuni na upande wa pili. Zizi likifa Isiolo, mbuzi hawaji. Wasipokuja, bei inapanda. Ikipanda, mteja wa Maringo anahamia maharagwe, na meza inafungwa bila amri ya mtu. Mfugaji mwenye mbuzi wazima ndiye tegemeo lenu.

Daktari, Kabete na Muguga ziliwahi kuwasikiliza wachunga ng'ombe, na ugonjwa uliotesa mazizi yetu kwa zaidi ya karne moja ukaisha. Wa mbuzi na kondoo unaweza kuisha kwa njia hiyo hiyo, na safari hii wasikilizwe pia wanaoshika kisu na wanaoshika matumbo. Sidai jibu refu. Niandikie nambari moja ya simu ambayo muuza matumbo anaweza kuipiga bila malipo, ofisi itakayoipokea, na tarehe ambayo machinjio ya kwanza yataanza kuandika. Nitalichapa jibu hilo kwa herufi kubwa na, wenye soko wakiniruhusu, nitalibandika langoni Burma, ili kila mmoja wetu ajue tarehe ya kukudai.

Wako mwaminifu,
Mkazi na mteja wa Eastlands, Nairobi.